Mstari wa Vipande

Wiki iliyopita mliniacha kwenye ngazi za ofisi, bahasha mkononi, nimesoma mstari wa kwanza wa barua na sitaki kusoma wa pili. Leo nitausoma.

Kwa aliyeukuta mkasa huu katikati: mimi ni msanifu majengo. Nilikuwa na ofisi yangu, sasa sina. Jinsi nilivyoipoteza nimeshaeleza na sirudii, kwa kuwa ujinga ukielezwa mara mbili huanza kufanana na bahati mbaya. Siku hizi nimeajiriwa na mtu ambaye chuoni nilikuwa nikimfanyia hesabu za mihimili. Watu humwita Bwana Kioo, kwa sababu kila jengo analolishika hulivika vioo toka unyayo hadi utosi, halafu walio ndani wanaiva. Bodi ya wasanifu ilimsimamishia usajili kwa miaka miwili. Kwa hiyo kila mchoro unaotoka ofisini kwake unatoka na muhuri wangu. Nisipokuwa na muhuri, Bwana Kioo hana ofisi. Likumbukeni hilo.

Na kwa aliyesahau: nilichora marekebisho ya nyumba ya shemeji yangu, mume wa dada. Ukuta wa sebuleni ukabomolewa wote, pembe hadi pembe. Sakafu ya juu, ambayo ni ya mbao, ikainama. Juu ya sakafu hiyo kulikuwa na kiti, na kwenye kiti alikuwa amekaa mama yangu mzazi.

Mstari wa pili wa barua ulisema hivi: kamati ya nidhamu itakaa Alhamisi, saa nne asubuhi, kusikiliza malalamiko ya shemeji na kuamua kosa la ukuta ule ni la nani, la msanifu au la fundi mkuu. Likiwa la msanifu, atanyang'anywa muhuri. Likiwa la fundi, atafutwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kusimamia ujenzi.

Ukuta aliubomoa fundi. Nyundo ilikuwa mkononi mwake. Swali lilikuwa ni nani aliyemwambia abomoe.

"Mwachie fundi," Bwana Kioo aliniambia asubuhi ile ile, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Nimwachie nini?"

"Mzigo. Si kazi yao kubeba?"

Akacheka peke yake. Bwana Kioo huvicheka vichekesho vyake mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kujitolea.

"Dada, nisikilize." Akitaka kitu naitwa dada, akikasirika naitwa msanifu. "Yule hajui kusoma mchoro. Wewe una shahada mbili. Mbele ya kamati, nani ataaminiwa?"

"Amefanya kazi zako miaka kumi na moja."

"Ndiyo maana najua hajui kusoma mchoro."

"Na zile nyumba zote alizokurekebishia?"

"Alibahatisha."

Debe tupu haliachi kuvuma. Lakini siku ile lilikuwa likivuma kwa faida yangu, na sikulinyamazisha. Hilo ni la kwanza ninaloungama leo.

"Nenda kapumzike," akasema. "Karatasi nitaziandaa mimi."

Mtu ambaye hajaandaa karatasi yoyote tangu chuoni anaposema ataandaa karatasi, mwenye akili hukaa chini akauliza ni zipi. Mimi nilichukua mkoba wangu nikaondoka.

La pili ni zito zaidi, na ili mlielewe inabidi mjue jambo moja la kazi yetu.

Kwenye mchoro wa nyumba, ukuta huchorwa kwa mstari mzima. Kuna mstari mwingine, wa vipande: wino kidogo, nafasi kidogo, wino kidogo. Katika ofisi yangu ya zamani, tulikokuwa tukisanifu majengo mapya, mstari wa vipande ulionyesha kitu kilicho juu ya kichwa chako: boriti, ukingo wa paa, kabati la ukutani. Katika ofisi ya Bwana Kioo, inayoishi kwa kukarabati majengo ya wenzake, mstari huo huo huonyesha kitu cha kubomolewa. Maana zote mbili ni sahihi. Ndiyo maana pembeni mwa karatasi huwekwa kijedwali kidogo: mstari huu ni hiki, mstari huu ni kile. Mtoto wa darasa la nne anaweza kukichora.

Mimi nilikifuta.

Nianze na shemeji. Shemeji yangu ni mtu anayeuona ukuta kama ubishi. Alinikalisha sebuleni kwake akanionyesha picha kwenye simu, ukumbi mweupe usio na kitu ila kochi moja, kama chumba cha kungojea majibu ya hospitali.

"Shemeji, nataka kama hivi. Mgeni akifungua mlango aone mpaka jikoni."

"Mgeni anataka nini jikoni?"

"Aone tu."

"Ukuta huu umebeba chumba cha mama."

"Mama mwembamba, shemeji. Kilo hamsini hazifiki."

Hakuwa anatania. Nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya utani, nikaona mtu anayenisubiri nikubali.

Nikakataa. Nikampa uwazi wa mita mbili na nusu katikati, ukuta ubaki huku na huku, na juu yake boriti mpya ya zege ipite urefu wote, mita sita. Boriti ilikuwa pana kuliko ukuta. Kwenye mchoro ikaonekana kama mistari miwili ya vipande, mmoja kila upande wa ukuta, kutoka pembe hadi pembe.

Kijedwali kilikuwa pale pale, chini kulia. Nikakitazama. Nikajiambia: mtu asiyejua mstari wa vipande ni nini asiguse nyumba anayolala mama yangu. Nikakifuta. Nikapata nafasi ya kulisogeza jina la mradi katikati, karatasi ikapendeza. Nikagonga muhuri.

Fundi mkuu wa kazi ile ni mzee wa miaka sitini na moja anayeitwa Timazi, kwa sababu hatembei bila timazi lake mfukoni, ule uzi wenye kipande cha chuma unaopimia kama ukuta umesimama wima. Hulitoa hata akiwa kwa watu. Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amelining'iniza mbele ya mlango wa ofisi yetu. Akatikisa kichwa, akalirudisha mfukoni. Nikamdharau hapo hapo.

Mlango ulikuwa umepinda kweli.

Siku ya tatu ya kazi akanipigia simu. Nilikuwa katikati ya mchoro wa benki, vioo juu ya vioo, na Bwana Kioo amesimama nyuma yangu ananipumulia shingoni.

"Mama, habari za kazi."

"Sema, fundi."

"Hii mistari ya vipande kwenye ukuta wa sebule. Maana yake nini?"

Nilisikia nyuma yake kimya cha watu waliosimamisha kazi. Nilisikia pia Bwana Kioo akiguna.

"Fundi, umeanza kazi hii lini?"

"Zamani, mama."

"Basi maana yake ni ile ile ya siku zote."

Nikasikia karatasi ikigeuzwa.

"Mstari wote? Pembe hadi pembe?"

"Pembe hadi pembe. Fuata mchoro."

"Haya, mama."

Mimi nilikuwa nazungumzia boriti. Yeye, ambaye siku zake zote alizimalizia kwenye michoro ya Bwana Kioo, alisikia: bomoa. Aliuliza mara mbili. Nilijibu mara mbili. Mara zote mbili nilijibu kama mtu anayefukuza nzi.

Siku mbili baadaye simu ikalia tena. Nilikuwa nagonga muhuri kwenye michoro ya benki.

"Mama, njoo," Timazi alisema, kwa sauti tulivu mno. "Mama yako yuko hai."

Nilisimama kwa kishindo. Muhuri ukaniponyoka, kiti kikarudi nyuma, gurudumu lake likapanda juu ya muhuri. Nilipouokota baadaye niliona ukingo wa mpira umekatika: pengo dogo upande wa juu, kama jino lililong'oka. Nikaurudisha kwenye droo. Droo hiyo ina funguo mbili. Mmoja ninao mimi, wa pili ni wa ofisi.

Sakafu haikuanguka. Iliinama tu, kiti kikateleza mpaka dirishani pamoja na mwenyewe, nyonga ikavunjika. Haikuanguka kwa sababu Timazi, kabla ya kugusa tofali la kwanza, alisimamisha miti kumi na minne chini yake. Hakuna mchoro ulioiagiza miti ile. Wangu haukuiagiza. Kesho yake ndipo nilipochora karatasi ya kuongeza mingine, nikagonga muhuri wenye pengo, nikampa mkononi bila kumtazama.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Ukibomoa ukuta utafanyaje, hilo walituachia sisi wenye shahada.

Jumatano, siku moja kabla ya kamati, nikaenda hospitali.

Mama ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuwa amelala chali, mguu umefungwa, anasahihisha fumbo la maneno gazetini ambalo mgonjwa wa jirani alikuwa ameshalijaza.

"Kiti kimepona?" akauliza.

"Mama, kiti si hoja sasa."

"Ni hoja. Ni cha baba yako."

"Kimepona."

"Afadhali. Maana katika nyumba ile kimebaki hicho tu chenye miguu minne ya kuaminika."

Nikamwekea maji mezani. Akayatazama.

"Fundi amekuja mara nne," akasema. "Wewe hii ya pili."

"Nina kazi, mama."

"Na yeye alikuwa na kazi, mkamfungia geti baada ya ajali. Ndiye aliyepanda kunitoa kule juu, unajua? Mumewe dada yako alikuwa uani anapiga picha."

"Anapiga picha?"

"Za nyufa. Za malalamiko yake. Mimi nimekaa dirishani kama chungu cha maua, yeye anapiga picha." Akafuta neno moja kwenye fumbo, akaandika jingine. "Tena alisema mimi mwembamba. Hilo nalo nililisikia."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Simu yake mbovu," akasema.

"Ya shemeji?"

"Ya fundi. Ukiiweka sikioni haisikiki. Huongea kwa spika. Siku ile alisimama kibarazani, chini ya dirisha langu."

Nilitazama sakafu ya hospitali. Vigae vilikuwa vimepangwa vibaya, mstari mmoja ulipotea kabla ya kufika ukutani. Nilivihesabu hata hivyo.

"Nimefundisha miaka thelathini na minne," mama akasema. "Mtoto akikuuliza alama hii ni ya nini, humwambii ni ile ile ya siku zote. Angekuwa anaijua asingeuliza."

"Mama..."

"Sijamaliza. Na anayeuliza mara mbili si mjinga. Mjinga haulizi. Mjinga hujibu."

Muuguzi akapita, akatusalimia, akaendelea.

"Utawaambia kamati?" nikauliza. Nasikia aibu kuandika kwamba hilo ndilo lililonitoka.

"Mimi? Mimi nimevunjika nyonga tu. Hesabu ya mtu mwingine sijawahi kumfanyia, sitaanza leo." Akanirudishia glasi. "Utaifanya mwenyewe. Na utaonyesha njia. Jibu tupu halina alama."

Alhamisi. Chumba cha kamati kiko ghorofa ya pili ya jengo la bodi. Kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, umbali wa mkono. Wasanifu ndio waliojichagulia chumba hicho.

Wajumbe walikuwa watatu. Wa kushoto alisanifu soko ambalo mvua ikinyesha wauzaji hufungua miavuli ndani. Wa kulia alisanifu shule ambayo milango ya vyoo hugonga masinki. Mwenyekiti hajawahi kujenga chochote, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kumlalamikia.

Timazi alikaa kwenye ncha ya kiti, shati limepigwa pasi, mfuko wa suruali umetuna kwa kile chuma chake. Aliinuka kidogo nilipoingia.

"Mama."

"Fundi."



Shemeji ndiye aliyeanza. Alieleza kilichoharibiwa: nyumba yake, heshima yake, na mama mkwe wake, kwa mpangilio huo. Alionyesha picha za nyufa, kumi na nane. Katika ya kumi na moja, kwenye kona, ilionekana kandambili ya mama.

Kisha Bwana Kioo akasimama na bomba la michoro. Akavuta karatasi moja, akaitandaza mbele ya mwenyekiti, akailainisha kwa viganja kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

"Waheshimiwa, huu ndio mchoro uliotoka ofisini kwangu. Kijedwali hiki hapa, chini kulia. Mstari wa vipande: boriti juu. Kiswahili chepesi. Fundi mwenye macho angeona."

Nikainama nitazame. Jina la mradi lilikuwa limerudishwa pembeni. Na pale nilipofuta, kijedwali kilikuwa kimeota tena. Tarehe ilikuwa ile ile ya mchoro wangu. Chini yake muhuri wangu.

Nilimtazama Bwana Kioo. Akanikonyeza.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "wewe ulikuwa na karatasi gani?"

Timazi akatoa karatasi iliyokunjwa mara tatu, akaikunjua taratibu. Ilikuwa na saruji, alama za vidole, na duara la kikombe. Haikuwa na kijedwali. Jina la mradi lilikuwa katikati, limependeza. Kando ya ukuta, kwa penseli, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwa kujali: *Nimeuliza kwa simu. Ni ile ile.*

"Ni ile ile ipi?" mwenyekiti akauliza.

"Ya siku zote," Timazi akajibu.

Mjumbe wa miavuli akacheka.

"Penseli, waheshimiwa," Bwana Kioo akasema. "Hata mimi naweza kuandika kwa penseli."

Nilitamani kuwaambia kwamba hilo nalo lina shaka.

"Karatasi hiyo ni rasimu," akaendelea. "Fundi aliibeba mezani kabla ya wakati, akaenda kubomoa. Hakusubiri mchoro halisi."

"Rasimu yenye muhuri?" mjumbe wa vyoo akauliza. Sikumtegemea, nilishangaa kumwona anafikiri.

"Dada yetu ni mwepesi wa mkono," Bwana Kioo akasema, na kunitabasamia kama kaka. "Hugonga muhuri kwanza, akasoma baadaye. Si kosa kubwa. Karipio dogo linatosha."

Mwenyekiti akazivuta karatasi zote mbili, akaziweka sambamba.

"Michoro miwili. Tarehe moja. Muhuri mmoja."

Hapo ndipo nilipouona.

Kwenye karatasi ya Timazi, duara la muhuri lilikuwa zima. Kwenye ile ya Bwana Kioo, duara lilikuwa na pengo dogo upande wa juu. Kama jino lililong'oka.

Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya siku kumi kabla ya ukuta kubomolewa. Pengo lilizaliwa siku mama alipoteleza na kiti. Karatasi ile ilikuwa imechapishwa wiki hii, ikagongwa muhuri wiki hii, kwa ufunguo wa pili wa droo. Bwana Kioo hakuliona pengo. Mtu asiyewahi kutazama majengo yake mwenyewe angetazamaje muhuri wa mwenzake?

Nikapiga hesabu, maana ndicho nilichosomeshwa. Nikinyamaza, Timazi anafutwa, kwa karatasi ambayo hajawahi kuiona maishani. Nikisema kijedwali hakikuwepo, nalazimika kusema nani alikifuta, na nani alijibu simu. Na wakiliona lile pengo wenyewe, ni karatasi ya kughushi, na aliyeghushi ni mwenye muhuri. Muhuri wangu, droo yangu, faida yangu. Nani atauliza habari za ufunguo wa pili?

Miaka yote nilisema Bwana Kioo hawezi kusanifu. Siku ile alinijengea chumba kisicho na mlango, akaniweka ndani, tena akadhani amenipa zawadi.

"Fundi," mwenyekiti akasema, akishika kalamu, "kabla hatujafunga, una la kuuliza?"

"Naomba niuone mchoro huo wa ofisi."

"Utauona wa nini?" Bwana Kioo akasema. "Hajui hata kusoma."

"Najua kidogo," Timazi akasema.

Akasogezewa. Pembe za karatasi zilikuwa zinajikunja. Akatoa timazi lake mfukoni, akaliweka juu ya pembe moja, chuma chenye uzito wake, karatasi ikatulia. Hakukitazama kijedwali. Hakuutazama ukuta. Alitazama muhuri.

Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akatazama wa kwenye karatasi yake yenye saruji. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa karatasi ya tatu, ndogo, iliyokunjwa vizuri: ule mchoro wangu wa miti ya kuegemeza, wa siku iliyofuata ajali, niliompa bila kumtazama. Akaiweka kati ya hizo mbili. Kidole chake kinene kikagusa muhuri wa kwanza, kikagusa wa pili, kikagusa wa tatu.

Duara zima. Pengo. Pengo.

Hakuna mwingine aliyeelewa anachofanya. Wasanifu watano chumbani pamoja nami, sita ukimhesabu Bwana Kioo mara mbili kwa majivuno yake, na aliyejua kusoma karatasi zile alikuwa mmoja.

Akainua macho akanitazama. Hakuwa na hasira. Ningeielewa hasira. Alinitazama kama alivyoutazama mlango wa ofisi yetu siku ile, kabla hajatikisa kichwa.

"Fundi, umemaliza?" mwenyekiti akauliza.

"Nina swali moja, mwenyekiti. Si la karatasi. Karatasi naweza kuuliza baadaye. Ni la mama msanifu."

"Uliza."

Akaigeuza karatasi yake yenye saruji ielekee upande wangu. Akaweka kidole juu ya ukuta wa sebule. Na kwa sauti ile ile niliyoisikia kwenye simu, taratibu, bila kuongeza wala kupunguza neno, akasema:

"Mama. Hii mistari ya vipande kwenye ukuta wa sebule. Maana yake nini?"

"Mjibu, dada," Bwana Kioo akasema, ametabasamu, na kidole chake kinanionyesha kijedwali. "Imeandikwa hapo."

Mwenyekiti akaishusha kalamu kwenye daftari, tayari kuandika. Timazi akaikunja ile karatasi ya tatu, mara moja, mara mbili. Lakini hakuirudisha mfukoni. Aliishika mkononi, akingoja.

Nikasukuma kiti nyuma, taratibu safari hii, nikasimama.